Mchanga Usiofagiwa

Mwanangu, kazi yangu ya kwanza ugenini ilikuwa ya ufagio, na amri ya kwanza niliyopewa ni kwamba nisifagie. Ilikuwa mwaka 1976, mjini Montreal, Kanada. Nilikuwa na miaka 23, nimetoka kwetu Shela, kisiwani Lamu, kwenda kusomea uhandisi wa ujenzi. Fedha ya msaada wa masomo ilitosha karo na vitabu tu. Tumbo nililitafutia mwenyewe. Chumba nilipanga kwa dola 18 kwa wiki, orofa ya tatu, kwa mjane mmoja wa Kiitaliano ambaye kila alichopika alikipika kwa kitunguu saumu, hata koti langu likawa linanuka kitunguu mpaka darasani. Jioni nilipanda basi hadi barabara ya Côte-de-Liesse, pembezoni mwa mji, kwenye maghala na malori, na huko kampuni moja ya usafi ilinilipa dola tatu kasoro senti kwa saa. Dola siku zile ilikuwa kama shilingi nane zetu. Fundi wa majahazi pale Matondoni alishika tezo tangu asubuhi hadi alasiri ndipo apate hizo nilizopata mimi kwa saa moja, kwa hiyo sikulalamika sana, ingawa mara mbili kampuni ile ilinikata saa nilizofanya na hakuna aliyenisikiliza.

Jengo tulilosafisha lilikuwa la Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, taasisi ya serikali iliyoanzishwa 1939 na kuhamia Montreal kutoka Ottawa mwaka 1956. Kwa nje ungedhani ghala jingine. Ndani kulikuwa na korido ndefu za kuchosha miguu, na kila korido na harufu yake. Kwa wakataji wa filamu kulinuka gundi kali ya kuungia mikanda, harufu ile ile ya rangi ya kucha. Kwa wachoraji kulinuka tumbaku, kahawa iliyolala na penseli zilizochongwa mchana kutwa. Mwenzangu wa zamu alikuwa mama mmoja wa Kihaiti, rika la mama yangu mdogo, uso wa mviringo wenye makovu mawili madogo ya ndui karibu na jicho la kushoto, amevaa sweta mbili juu ya gauni hata mwezi wa sita. Kifaransa changu chote nilikiokota kinywani mwake. Nilimwita Mama, naye akanichukulia kama mwanawe, na hadi leo simsahau katika dua zangu.

Usiku wa kwanza alinisimamisha mbele ya mlango mmoja. Humu, akasema, mwaga pipa la taka, kisha toka. Mchanga usiuguse. Hata ule ulioanguka sakafuni usiuguse, maana mimi na wewe hatujui upi ni wa kazi na upi ni uchafu. Nikachungulia. Palikuwa na pazia zito jeusi, taa kwenye miguu ya chuma, kamera imefunikwa kitambaa, na katikati meza pana kama samadari. Na juu ya meza, wallahi, palikuwa na kipande cha Shela. Tuta la mchanga lenye mgongo mwembamba, limepigwa mistari midogo midogo kama ile inayoachwa na upepo wa kusi, na nyuma ya tuta ukuta umesimama wima, una tundu la dirisha. Niliinama nikaunusa. Haukuwa na chumvi, wala ile harufu ya mwani na vyungu vya chambo. Ulinuka kama udongo uliokaa stoo. Lakini umbo lake lilikuwa la kwetu.

Mama akanieleza. Mwenye chumba ni Mholanzi, Co Hoedeman, anatengeneza filamu ya vikaragosi vya mchanga: ndani sponji na waya, nje mchanga mtupu. Anamsogeza mmoja kidogo, upana wa uzi, anapiga picha. Anamsogeza tena, anapiga tena. Sisi tukija yeye keshakwenda, na yeye akija sisi tumelala. Hivyo kwa miezi mingi nilimjua mtu yule kwa mchanga wake tu. Jana ukuta ulikuwa wa kiganja kimoja, leo umepanda viganja viwili. Jana kiumbe alikuwa ameinua mkono, leo mkono umeshuka, na nilipohesabu siku kati ya jana ile na leo ile zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani.

Mtu asiyekulia Shela itamwia vigumu kuelewa kilichonishika pale mlangoni. Sisi tumezaliwa na mchanga kama wengine walivyozaliwa na msitu. Kusi inapovuma, tangu Aprili hadi Septemba, matuta yanatembea. Asubuhi njia ilikuwa hapa, magharibi iko pale. Nyanya yangu alifagia baraza mara mbili kwa siku, na mara mbili mchanga ukarudi, na hakuwahi hata siku moja kuuona ni adui; alisema ni mgeni asiyebisha hodi. Wazee walitusimulia habari za Hidabu, mji wa kale ambao, kwa masimulizi yao, ulifunikwa na mchanga na watu wake. Na sisi watoto tulikuwa tukicheza huko matutani upepo ukafunua mifupa ya waliokufa katika Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, pale watu wa Lamu walipoyashinda majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa. Tulikimbia, tukamwita mtu mzima aje kuifukia. Kusi ya mwaka uliofuata ikaifunua tena.

Darasani kwangu, mchana, mchanga ulikuwa hesabu. Tulifundishwa kwamba mchanga mkavu ukiumwaga chini utalala kwa mteremko wa nyuzi kama 34, hauzidi hapo, utakavyotaka usitake. Ukiutia maji kidogo, punje zinashikana, unaweza kusimamisha ukuta. Ukiyazidisha, unageuka uji. Ukiukausha, unaporomoka. Nikisimama pale mlangoni na ndoo yangu, naona ukuta wa mchanga uliokaa mchana kutwa chini ya taa kali za kukausha samaki, na bado umesimama wima kama mnara, nikajua kwamba mtu huyu ameufahamu mchanga kuliko mwalimu wangu.

Mwaka ule ule Montreal ilikuwa mwenyeji wa Olimpiki, na hapa nitakuchelewesha kidogo. Nilikuwa nimenunua tiketi ya siku ya fainali ya mita 1500, kwa ujira wa siku mbili, kwa ajili ya mtu mmoja tu: Filbert Bayi wa Tanzania. Yeye ndiye aliyeweka rekodi ya dunia huko Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker wa New Zealand akimfuata mgongoni. Dunia nzima ilingoja wakutane tena. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, wakati watoto wa Soweto walikuwa wamepigwa risasi Juni ile ile, na New Zealand haikuzuiwa kuingia Olimpiki. Nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusia, Tanzania na Kenya zikiwemo. Tarehe 31 Julai niliketi kwenye kiti changu, kote kumejaa watu wa kila taifa, nikamwona Walker akishinda kwa dakika 3 na sekunde 39.2. Mtu wa pembeni yangu, mzee wa Kikanada mwenye kofia ya majani, aliniuliza natoka wapi, nilipomwambia akanyamaza, kisha akanishika bega. Sikulaumu uamuzi ule siku ile, wala siulaumu leo.

Lakini uwanja wenyewe nilikuwa nautazama kwa macho ya mwanafunzi wa ujenzi. Zege lililomeza zaidi ya dola bilioni moja, na mnara wake haukuwa umekwisha siku ya ufunguzi mbele ya Malkia Elizabeth, ulikamilika 1987. Deni lake watu wa Quebec walimaliza kulilipa mwaka 2006, miaka 30 baadaye. Jumatatu niliporudi kazini na kusimama mbele ya ile meza, nikaona ngome ndogo ya mchanga imeongezewa ghorofa, nilihisi kwamba katika mji ule palikuwa na mjenzi mmoja ambaye kazi yake inakwenda kwa kipimo chake.

Habari nyingine za Hoedeman nimezikusanya baadaye, kidogo kidogo. Alizaliwa Amsterdam tarehe 1 Agosti 1940, Wajerumani wakiwa wameingia Uholanzi Mei ya mwaka huo. Jina lake kamili ni Jacobus, na Co ndilo la kuitwa. Shule aliiacha na miaka 15, akaingia kazi za filamu kama watoto wetu wanavyoingizwa kwenye useremala, kwa kutumwa na kuangalia, na jioni akisoma sanaa. Mwaka 1965 alivuka kwenda Kanada na mkanda wa kazi zake kwapani, akabisha hodi kwenye Bodi ile, na haukupita muda akaajiriwa. Mwaka 1970 alikwenda Chekoslovakia, kwa mabingwa wa vikaragosi, kujifunza upya akiwa tayari ni mtu wa fani. Hilo la kujifunza upya ndilo ninalomheshimia zaidi. Mwaka 1972 akatoa filamu ya matofali ya mbao ya kuchezea watoto, Tchou-tchou, ambamo kila kitu, watoto, mji na joka, ni vipande vya mbao vilivyopakwa rangi, ikampatia tuzo ya BAFTA ya Uingereza.

Sasa nikuhesabie, maana hapa ndipo watu wanapokosea wakidhani katuni ni mchezo wa watoto. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Filamu ile, Ngome ya Mchanga, Le château de sable kwa Kifaransa chao, ni dakika 13. Hizo ni picha zaidi ya 18,000. Hata ukisema kila mkao wa kikaragosi hupigwa picha mbili, kama wafanyavyo wengi wa fani hiyo, bado mkono wa mtu umeshuka mchangani zaidi ya mara 9,000, na kila mara ukitoka usiache alama ya kidole. Mama yangu mzazi alishona kofia. Unazijua kofia zetu, zile za vitobo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, nyeupe juu ya nyeupe. Kofia moja ilimchukua miezi mitatu, minne, na akikosea kitobo kimoja safu ya juu, ua lote linapinda, basi anafumua. Nilimwona akifumua kazi ya wiki mbili bila kusema neno, kwa taa ya kandili, huku uji wetu ukipoa. Kofia ile iliuzwa shilingi 60. Nilipoingia usiku mmoja nikakuta sehemu ya ngome imebomolewa na kuanzwa upya, nilijua nimekwisha kuyaona haya.

Korido ile ilikuwa na watu wa ajabu. Norman McLaren, Mskoti aliyechora moja kwa moja juu ya mkanda wa filamu bila kamera, alikuwa bado hai na jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini. Ishu Patel, Mhindi wa Gujarat, alitengeneza filamu ya shanga, maelfu ya shanga zilizopangwa moja moja. Nilifagia shanga zake pia? La, nazo tulikatazwa. Nje ya jengo siasa zilikuwa zinachemka: Novemba 1976 mwanasiasa René Lévesque na chama chake walishinda uchaguzi wa Quebec, watu wakaimba mitaani usiku kucha katika baridi ya kupasua midomo, na mwenye nyumba wangu akafunga madirisha. Mimi nilinunua viatu vya theluji vilivyokwisha kuvaliwa kwa dola 6, nikaendelea na ndoo yangu.

Filamu niliiona baada ya kukamilika, mwaka 1977, katika ukumbi mdogo, bila kiingilio. Nilikwenda na Mama. Alivaa sweta moja tu siku ile, na hereni. Taa zikazimika. Jangwa. Tuta linatikisika, na kutoka ndani yake anatokea kiumbe wa mchanga, mfupi, wa mikono mizito. Anajipangusa. Kisha anaanza kuwafinyanga wenzake, mmoja mmoja, wengine wenye miguu mingi, wengine wasio na mguu hata mmoja, na kila mmoja anapewa umbo la kazi yake. Hakuna anayesema neno. Kuna muziki wa Normand Roger, na sauti za mchanga ukichotwa na kusukumwa. Wanajenga ngome. Ukuta wangu ule, wenye tundu la dirisha, niliuona ukisimama kwa sekunde chache, mimi niliyeuona kwa miezi. Inapokamilika wanacheza ngoma. Halafu unakuja upepo. Viumbe wanakimbilia ndani, na upepo unafanya yale ambayo upepo hufanya Shela. Mwishoni pamebaki tuta, kama mwanzo.

Mama hakulia, wala mimi. Alikaa kimya mpaka watu wakaanza kutoka, ndipo akanong'ona kwamba sasa ameelewa kwa nini tulikatazwa kufagia. Tulikunywa kahawa ya senti 30 kwenye mkahawa wa mkabala, wenye harufu ya sufu iliyolowa na kaimati zao za mviringo zenye tundu, akanisimulia kwa mara ya kwanza habari za nyumba yake ya Haiti na tufani iliyoichukua, akiwa msichana. Nami nikamsimulia Hidabu. Mholanzi aliyezaliwa vitani, mama wa Kihaiti na kijana wa Shela, tumekutanishwa na dakika 13 zisizo na lugha.

Tarehe 3 Aprili 1978, huko Los Angeles, filamu ile ikapewa Oscar ya filamu fupi ya vikaragosi na katuni. Ilikuwa sherehe ya 50 ya tuzo hizo, mwaka wa filamu za Annie Hall na Star Wars, na miongoni mwa zilizoshindana nayo ilikuwa ile ya shanga ya Ishu Patel. Usiku huo huo filamu nyingine fupi ya Bodi ile ile, ya Beverly Shaffer, nayo ikapata Oscar. Mimi nilisikia redioni asubuhi, nikinyoa ndevu kwa maji baridi. Jioni nilipofika kazini nilimkuta Mama amesimama mbele ya mlango wetu, chumba kimekwisha kuondolewa meza na mapazia. Pembeni, penye kizingiti, kulikuwa na mchanga kiasi cha kijiko. Tulitazamana. Ufagio alinipa mimi, nami nikaurudisha. Tukazima taa tukaondoka.

Nilirudi nyumbani Desemba ya mwaka huo, miezi minne baada ya Mzee Kenyatta kufariki, nikajenga madaraja na mifereji kwa miaka 31. Kazi za Hoedeman niliendelea kuzitafuta kila nilipopata nafasi. Mbili nakutajia.

Ya kwanza ni zile hekaya za Wainuit, watu wa kaskazini ya barafu, alizozitengeneza miaka ya 1970 kabla ya ngome ile: bundi na lemingi, bundi na kunguru, Lumaaq. Hakukaa Montreal akazibuni. Alifanya kazi na wasanii wa Kiinuit wenyewe, kwa michoro yao na masimulizi yao, na vikaragosi vya bundi akavivika ngozi ya sili, mnyama wanayemwinda wao. Ile ya kunguru inaeleza kwa nini kunguru ni mweusi. Mtoto wa Lamu akiiona anacheka palepale, maana na sisi tuna visa vya namna hiyo, sungura na wenzake, majini wa pwani, na mbona paka wa Lamu wana shingo ndefu.

Ya pili aliifanya mwaka 2011, akiwa na miaka 71: Soksi 55. Ni habari ya Majira ya Baridi ya Njaa, 1944 hadi 1945, Wajerumani walipokata chakula Uholanzi na watu wapatao 20,000 wakafa. Wanawake wanafumua tandiko la kitanda, wanafuma soksi kwa uzi wake, wapate kubadilishana na chakula. Yeye wakati ule alikuwa na miaka minne. Alingoja miaka 66 ndipo akaiweka kwenye picha, na nilipouona ule uzi ukifumuliwa nilimwona mama yangu na kandili yake. Alifariki Mei 2025, huko huko Kanada, akiwa na miaka 84. Sikuwahi kumpa mkono.

Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu simu uliyonayo mkononi ina kamera nzuri kuliko ile niliyoiona imefunikwa kitambaa, na mchanga uko mlangoni kwenu bure. Kuna mzee anayejua habari za Hidabu kwa mpango wake, tangu nani alijenga hadi upepo ulianza kuvuma upande gani, ana miaka 91 na anakaa nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa Shela. Baada ya alasiri huwa macho, na kahawa chungu anaipenda. Nenda wiki hii.